Sili za beringi zinazoifanya spindo iwe nzito: jibu kwa fundi wa Ngamiani, Tanga

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina karakana ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni kunoa visu vya randa, meno ya ruta na endimili, yaani vikataji vinavyozunguka vya kuchongea chuma. Mwezi uliopita nilibadilisha beringi za spindo ya mashine ya kunolea, yaani shafti inayozungusha jiwe pamoja na mwili wake, nikaweka mbili mpya za 6204-2RS, moja upande wa jiwe na moja upande wa puli. Za zamani zilikuwa na kelele lakini spindo ilikuwa nyepesi. Sasa kelele imekwisha, ila spindo imekuwa nzito mkononi, mota ya wati 250 inaguna inapoanza, na baada ya robo saa nyumba ya beringi upande wa jiwe inakuwa ya moto kiasi kwamba siwezi kuishika. Jirani yangu ananiambia nizing'oe sili zote za mpira nizitupe. Je, nifanye hivyo, au ipo njia ya kupunguza ukinzani wa sili bila kuiua beringi?

Jibu: Marahaba, fundi. Sili zinazotazama ndani ya mwili wa spindo unaweza kuziondoa, na nitakueleza namna ya kufanya hivyo bila hasara. Sili inayotazama jiwe usiiguse mpaka uwe umetengeneza kizuizi kingine mbele yake. Ushauri wa jirani yako una nusu ya ukweli, na nusu hiyo nyingine ndiyo itakayokugharimu beringi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulifanya. Nilipokuwa kijana katika karakana moja ya mkoa wetu, tulikuwa na spindo nzito kama yako, nikang'oa sili zote nne asubuhi moja na kufurahia jinsi shafti ilivyozunguka kwa kuguswa tu na kidole. Wiki chache baadaye ilianza kuvuma. Nilipoifungua, grisi upande wa jiwe ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu kama uji wa saruji. Niliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikahisi ukwaruzo wa punje ambazo macho hayakuziona. Gololi, ambazo zikiwa mpya unaweza kujitazama uso ndani yake, zilikuwa zimefifia kama kioo kilichopigwa msasa. Beringi ile haikufa kwa kukosa grisi. Iliuawa na vumbi la jiwe letu wenyewe, kwa maana oksidi ya alumini ambayo mawe mengi ya kunolea hutengenezwa nayo ni ngumu kuliko chuma cha beringi, na utando wa mafuta unaozitenganisha gololi na njia yake una unene wa maikroni moja au pungufu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Punje ya maikroni tano tu ni jabali katika njia hiyo.

Sasa tuutazame mdomo wa sili wenyewe. Namba 6204 ni ukubwa wa beringi, na alama 2RS maana yake ni sili mbili za mpira, moja kila upande, na kila moja ina mdomo mwembamba unaokandamiza bega la ringi ya ndani. Kwa beringi mbili una midomo minne. Kama mota yako ni ya kawaida ya mizunguko 2,850 kwa dakika na puli zako zinazidisha mara mbili, spindo inazunguka mara 5,700 kwa dakika. Bega ambalo mdomo unalisugua lina kipenyo cha takriban milimita 27, kwa hiyo mpira unasuguana na chuma kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, muda wote ambao mashine imewashwa. Kasi hiyo si haramu kwa beringi. Orodha za mtengenezaji wa beringi SKF zinaipa 6204 yenye sili za kugusa kikomo cha mizunguko 10,000, na ile yenye vifuniko vya bati visivyogusa kikomo cha 17,000. Tofauti hiyo ya 7,000 ni gharama ya msuguano wa mdomo peke yake. Kwa hiyo hukukosea kununua beringi nzima na nzuri. Umeweka beringi iliyotengenezwa kwa ajili ya gurudumu linalopita kwenye matope, mahali ambapo mota ni ndogo na kila wati ina kazi yake.

Kabla ya kung'oa chochote, pima. Ninalisisitiza hili kuliko yote yanayofuata, kwa sababu uzito wa spindo una wazazi watatu, yaani sili, grisi na mkazo wa awali wa beringi (kule kuzibana kwa nati au springi hata kabla ya kazi), na mkono hauwezi kuwatofautisha. Kipimo hiki hakihitaji chombo cha kuagiza. Ondoa mkanda. Zungushia uzi wa kushonea viatu kwenye puli ya spindo, raundi kadhaa, na ncha ya uzi ifungie chupa ndogo ya plastiki uliyokwisha kuipima uzito. Ongeza maji kwa sirinji kidogo kidogo, ukikumbuka kwamba mililita moja ya maji ni gramu moja. Utafika mahali ambapo ukiisukuma puli kidogo kuianzisha, chupa inaendelea kushuka yenyewe polepole bila kusimama. Hicho ndicho kipimo chako. Usichukue uzito unaoishtua spindo kutoka kusimama, kwa kuwa mpira uliokaa usiku kucha huwa umenata na utakudanganya.

Tuchukue mfano. Puli yako ina kipenyo cha milimita 50, na chupa pamoja na maji ni gramu 380. Nguvu ya uzito huo ni nyutoni 3.7, ukizidisha kwa nusu kipenyo cha mita 0.025 unapata torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 0.093. Kwa mizunguko 5,700 torki hiyo inakula wati 55 hivi. Hayo ni makadirio, kwa kuwa ukinzani wa mwendo wa polepole si sawasawa na wa mwendo wa kasi, lakini yanatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo. Zaidi ya moja ya tano ya mota yako inaishia kwenye mpira kabla jiwe halijagusa kisu, na joto lake ni kama la balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungiwa ndani ya bomba la chuma. Kwa midomo minne mipya ya ukubwa huo, gramu 380 si kipimo cha ajabu hata kidogo.

Ukishapata kipimo cha spindo nzima, fungua hatua kwa hatua na upime kila hatua. Legeza nati ya kukaza beringi, pima. Ukiona gramu zimeporomoka kutoka 380 hadi 250, basi 130 zilikuwa za mkazo, wala si za sili. Toa kifuniko cha mbele, pima tena, kwa sababu mara nyingine kifuniko chenyewe kinagusa shafti. Mwisho, kama unaweza, vika beringi moja peke yake kwenye shafti na uishike ringi ya nje kwa mkono huku chupa ikishuka. Hapo unaipima sili na grisi tu. Andika namba zote kwenye daftari, maana utazihitaji utakapotaka kujua kama marekebisho yako yamesaidia au yamekupendeza tu.

Katika maelezo yako lipo jambo moja linalonifanya nishuku mkazo pamoja na sili, nalo ni ile robo saa. Sili peke yake huleta joto tangu mwanzo kisha joto hutulia, na kwa kawaida ukinzani hupungua kadiri mdomo unavyozoea na grisi inavyolainika. Spindo inayozidi kuwa nzito kadiri inavyopata moto ina tatizo la pili. Mdomo unaichemsha ringi ya ndani na shafti, ambazo hazina pa kupoozea, wakati mwili wa nje unapigwa na hewa. Shafti ikiwa na joto la digrii 15 zaidi ya mwili, na umbali kati ya beringi ukiwa milimita 160, shafti hurefuka karibu maikroni 28 kuliko mwili wake. Kama beringi zote mbili zimebanwa bila nafasi ya kusogea, urefu huo hauna pa kwenda ila kuzisukuma gololi kwenye njia zake. Msuguano unazidi, joto linazidi, shafti inarefuka zaidi, na hali inajizungusha hivyo hivyo mpaka mkono unashindwa kushika.

Dawa ya hilo ni kuiacha beringi moja isogee. Ifunge ya upande wa jiwe kwenye nyumba yake barabara, na ile ya upande wa puli iache ringi yake ya nje iteleze kwenye tundu kwa kusukumwa na vidole, huku nyuma yake ukiweka washa ya mawimbi, ile iliyopindwapindwa kama springi, inayoisukuma kwa nyutoni 100 hadi 200, yaani uzito wa kilo 10 hadi 20. Kiasi hicho kinatosha kwa beringi ya tundu la milimita 20. Wapo mafundi wanaokaza nati mpaka spindo iwe ngumu wakidhani ugumu ndio usahihi; spindo ya namna hiyo hunoa vizuri kwa dakika kumi za kwanza tu. Hakikisha pia kwamba mkazo wa washa unalisukuma jiwe upande ule ule ambao kazi yako huusukuma, ili wakati wa kunoa shafti isirudi nyuma dhidi ya springi.

Tukirudi kwenye sili, njia iliyo safi kuliko zote ni kununua beringi ambayo sili yake ni ya mpira lakini haigusi. Mpira umekaa kwenye mfereji wa ringi ya nje, na mdomo wake unaishia ndani ya kijifereji cha ringi ya ndani bila kukigusa. Kila mtengenezaji anaiita kwa herufi zake: kwa SKF tafuta 2RZ au 2RSL, kwa NSK tafuta VV, kwa NTN ni LLB, na kwa Koyo ni 2RU. Usichanganye VV na DDU, wala LLB na LLU, kwa kuwa herufi hizo za pili ndizo za kugusa. Katika maduka ya vipuri ya mji wetu, ambako wateja wengi ni wa pikipiki, bajaji na magari, utaambiwa ipo 2RS au ZZ. Basi chukua ZZ. Vifuniko vyake vya bati havigusi, hupatikana kwa urahisi kwa sababu feni na mota nyingi hutumia aina hiyo, na ingawa uwazi wake ni mkubwa kuliko wa sili ya mpira isiyogusa, ukiwa na kizuizi kizuri mbele yake inatosha.

Kama unataka kuendelea na hizo ulizokwisha kuzinunua, toa sili mbili tu, zile zinazotazamana ndani ya mwili wa spindo. Huko ndani hakuna jiwe wala vumbi, na midomo miwili inasugua bure. Chukua wembe wa kisu chembamba au sindano iliyokunjwa ncha, ingiza ukingoni mwa mdomo karibu na ringi ya ndani, inua polepole na sili yote itachomoka kutoka kwenye mfereji wa nje. Usiingize chuma kwa kina, maana kizimba kinachozitenganisha gololi kiko milimita chache tu chini yake, na kizimba kilichopinda hakinyooki tena. Ukimaliza, pima kwa chupa. Utarajie ukinzani wa sili upungue karibu nusu, na hilo peke yake linaweza kuwa tiba yote unayoihitaji. Kuna sharti moja: kama kichwa cha mashine yako hulazwa na kusimamishwa, na unanoa huku spindo ikiwa wima, grisi itateremka kutoka beringi ya juu na kuingia kwenye uwazi wa ndani. Kwa mashine ya namna hiyo usiache beringi wazi, weka zenye sili isiyogusa.

Watu wengine hupunguza mdomo wa sili kwa wembe. Mimi siliungi mkono hilo. Mkono haukati duara sawasawa, kwa hiyo mdomo utagusa mahali pamoja na kuacha mwanya mahali pengine, na vijipande vya mpira huishia kwenye grisi. Bora sili isiwepo kabisa kuliko kuwepo sili inayokudanganya.

Sasa tuje kwenye kizuizi cha mbele, ambako ndiko ningependa utumie muda na mashine yako ya kukereza. Kinaitwa labirinti, nacho ni njia ya vizingiti ambamo hakuna kitu kinachogusana na kingine. Vumbi halizuiwi kwa wembamba wa mwanya pekee, kwa maana vumbi laini hupita kwenye mwanya wowote utakaoweza kuukereza. Huzuiwa kwa sababu kila likitaka kuingia hulazimika kugeuka, na kila linapogeuka hukutana na ukuta unaozunguka na kulirusha nje. Kwa spindo yako ningekifanya hivi. Kereza kifuniko kisichozunguka cha kufunga mbele ya nyumba ya beringi kwa skrubu, kiwe na shingo fupi inayotokeza kuelekea jiwe, na tundu la shingo hiyo liwe milimita 30. Kisha kereza ringi ya kuvaa kwenye shafti, kati ya ringi ya ndani ya beringi na flanji (kisahani kinachobana jiwe), yenye sehemu ya kipenyo cha milimita 29.6 inayoingia kwenye tundu hilo, ili mwanya ubaki milimita 0.2 kila upande. Ringi hiyo iwe pia na kofia pana inayorudi nyuma na kuifunika shingo kwa nje, kama kawa linavyofunika sinia na kupita ukingo wake. Kati ya kofia na shingo acha milimita 0.25, na kati ya uso wa shingo na sakafu ya kofia acha milimita 0.3. Vumbi litakalotaka kuifikia beringi litapaswa kwanza kuingia chini ya kofia likipingana na mzunguko unaolirusha nje, kisha ligeuke lipite kwenye uso wa shingo, kisha ligeuke tena liingie kwenye mwanya wa ndani.

Zipo nukta tatu ambazo mafundi wengi huzikosea. Ya kwanza, ringi hiyo inabanwa kati ya beringi na jiwe, kwa hiyo nyuso zake mbili za kubanwa lazima ziwe sambamba kwa kadiri ya maikroni 5. Zisipokuwa sambamba, nati ya jiwe itaipinda shafti kidogo na jiwe litayumba, nawe utatafuta kosa kwenye beringi mpya isiyo na kosa. Kereza tundu na uso mmoja bila kuifungua kwenye chaki, yaani taya za mashine ya kukereza, kisha ivike kwenye mandrili (fimbo inayoingia tunduni bila kulegea) umalizie upande wa pili. Ya pili, toboa kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kifuniko, kwenye mfereji mdogo utakaoukata nyuma ya shingo, ili chochote kitakachofanikiwa kupenya kianguke nje badala ya kukaa kikisubiri. Kitundu hicho kisielekee jiwe. Ya tatu, kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono na usikilize. Kisha paka wino wa kalamu kwenye sehemu zinazokaribiana, zungusha tena, ufungue uone kama wino umekwanguka. Labirinti inayogusa ni mbaya kuliko sili, kwa sababu inatoa unga wa chuma.

Kama unanoa kwa maji, utahitaji zaidi ya hapo. Kwa kunoa kikavu, ambako ndiko nadhani upo, unaweza kuweka grisi nzito kidogo kwenye mwanya wa ndani tu. Grisi hiyo itajifanyia njia yake baada ya dakika chache, ukinzani wake ni mdogo sana, nayo hunasa vumbi lililovuka kofia. Ifute na kuibadilisha kila unapobadilisha jiwe.

Ukishakuwa na labirinti hii, beringi ya 2RS ya upande wa jiwe unaweza kuiondoa na badala yake kuweka beringi ya 2RZ, VV au ZZ. Upande wa puli unga wa mkanda ni mchache na si mgumu, kwa hiyo hapo beringi isiyogusa pamoja na kisahani cha bati mbele yake inatosha.

Chunguza pia kama mashine yako ina oili sili ya nje, yenye springi nyembamba ya duara ndani ya mdomo wake. Baadhi ya mashine za zamani zinayo, na mara nyingi ndiyo mkosaji mkuu. Kuitoa springi hiyo kwa ncha ya sindano hupunguza mkandamizo mara moja na bado mdomo hubaki ukigusa kwa wepesi. Ringi ya feliti (sufu iliyoshindiliwa) iliyolowekwa mafuta niliipenda zamani, lakini haifai kwa kasi yako, na feliti iliyokwisha kunasa vumbi la jiwe ni msasa uliovikwa shafti. Ringi ya mpira yenye umbo la V hufanya kazi nzuri, na mdomo wake hujiinua wenyewe kasi inapokaribia mita 15 kwa sekunde, lakini kwa shafti nyembamba kama yako kasi haifiki huko, kwa hiyo itaendelea kusugua. Hewa ya kompresa inayopulizwa ndani ya spindo husaidia ikiwa ni kavu kabisa. Hewa ya kompresa ya Tanga bila chombo cha kutega maji ni mvuke, nawe utakuwa unaimwagia beringi maji kwa umeme unaoulipia.

Hili la unyevu halihusu kompresa peke yake. Spindo iliyopata moto mchana husukuma hewa nje, na usiku ikipoa huvuta hewa ndani, na hewa ya kwetu ina unyevu na chumvi ya bahari. Ikiwa njia pekee ya kuvuta pumzi ni mwanya wa mbele, itavuta pamoja na vumbi lililolala kwenye jiwe. Toboa tundu dogo la milimita 2 katikati ya mwili wa spindo, upande wa chini, ulizibe kwa kipande cha feliti safi. Hapo ndipo feliti inapofaa, kwa sababu haigusi kitu kinachozunguka. Na kila jioni, futa vumbi kuzunguka kofia kwa brashi kabla spindo haijapoa. Usilipulize kwa hewa ya kasi kuelekea kwenye labirinti, kwa sababu mwanya wa milimita 0.2 unaozuia vumbi linaloelea hauwezi kuzuia vumbi linalopigwa kwa bunduki ya hewa.

Kuhusu grisi nitasema kwa ufupi, ingawa huchangia uzito kuliko wengi wanavyodhani. Grisi ya kawaida ya gari hutengenezwa kwa mafuta mazito, na kwa spindo ndogo ya kasi ni kama kukimbia ndani ya tope. Iliyo maarufu kwa spindo ni Isoflex NBU 15 ya Klüber, na nyingine zilizotengenezwa kwa mafuta mepesi kwa ajili ya beringi za kasi hufaa pia. Kiasi chake ni robo ya nafasi tupu ya beringi, kisizidi theluthi. Kukipata kiasi hicho, pima beringi kavu kwenye mizani ya sonara, ijaze grisi mpaka iwe sawa na uso pande zote mbili, pima tena, na tofauti ndiyo nafasi yote. Kisha toa robo tatu. Usichanganye grisi mpya na ya zamani. Osha kwa mafuta ya taa safi, malizia kwa spiriti, acha ikauke yenyewe, na usiizungushe kavu kwa hewa ya kompresa hata kama mlio wake unapendeza.

Utakapoifunga tena, usiiwashe na kuiacha. Kwa kuwa mota yako ina mwendo mmoja, iwashe nusu dakika, izime dakika mbili. Kisha dakika moja, upumzishe. Kisha mbili, kisha tano, ukishika nyumba ya beringi kila mara. Grisi inahitaji muda wa kusukumwa pembeni na kujitengenezea kingo. Joto likipita digrii 60 zima na usubiri ipoe kabisa. Ikiwa baada ya mizunguko kadhaa ya namna hiyo bado halitulii, usilazimishe. Rudi kwenye chupa ya maji, pima, utazame daftari lako.

Spindo itakapokuwa nyepesi, mkanda, kama ulikuwa ukiteleza, utaacha kuteleza, na jiwe litazunguka kwa kasi yake kamili, huenda kwa mara ya kwanza tangu uinunue mashine. Jiwe la milimita 100 kwa mizunguko 5,700 lina kasi ya mita 30 kwa sekunde ukingoni, ambayo iko ndani ya kikomo cha mita 35 kinachoandikwa kwenye mawe mengi ya aina hiyo. Jiwe la milimita 125 kwa mizunguko hiyo hiyo linafika mita 37, nalo usilifunge kabisa. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye jiwe, usiondoe kinga yake, na unaponoa meno ya kabaidi vaa barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi lake lina kobalti na mapafu hayana sili.

Maseremala wanaopasua mtiki wa shamba la miti la Longuza watakuletea visu mara kwa mara, maana mti ule una chembe za silika na humaliza makali upesi, kwa hiyo spindo hii itafanya kazi nyingi. Baada ya mwezi mmoja wa kazi fungua kifuniko cha mbele, chukua grisi kidogo karibu na beringi kwa kijiti cha mbao, uipake kwenye karatasi nyeupe na uisugue kwa kidole. Ikiwa bado ina rangi yake na inateleza bila ukwaruzo, funga na uendelee. Ikiwa ya kijivu, usiongeze grisi juu yake. Niandikie vipimo vya mianya ulivyokereza pamoja na gramu zako za kabla na baada, tuone vumbi limepitia wapi.